Vigae Vitatu vya Ukuta wa Mama

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, nikiwa jikoni kwa mama, hapa Kiogoro, vumbi la simiti bado liko kwenye nyusi. Hii ni Jumapili ya sita tangu tukuzike. Jana ilikuwa Sabato, nikakaa tu nikiutazama ukuta wako, maana najua ungeniambia nini kama ningegusa nyundo.

Vigae vitatu vilipasuka siku ya mazishi. Vijana walikuwa wanatoa kabati la vyombo sebuleni ili jeneza lipate nafasi, na walipolifikisha jikoni kona yake ikagonga safu ya saba kutoka chini. Hakuna aliyesema. Mama ndiye aliyeona baadaye. Baba mdogo akaja, akatazama, akasema, "Huu ubomolewe wote. Aliyeuweka hayupo." Ni huyo huyo aliyeshika maikrofoni kando ya kaburi akatangaza kwamba umeenda na mikono yako, kwamba bila kijana wa kiume hukuacha fundi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Miaka kumi na moja nimekula kwa kazi hii, Tata, na miaka sita nimeifanya peke yangu.

Leo nimeifanya kazi. Nilikwangua kwanza simiti nyeupe ya kwenye mianya, pande zote nne, hadi kisu kikapita bila kugusa, ili pigo lisisafiri kwa jirani. Nikatoboa matundu katikati ya kigae, nikaanza na tindo kutoka hapo, ncha ikielekea ndani. "Ukibandua kutoka ukingoni, umevunja viwili." Nilikusikia kabisa. Vilivyozunguka vimebaki vizima, hata mkwaruzo hakuna.

Lakini nyuma ya kile cha kwanza nilikuta madonge matano ya simiti badala ya simiti iliyojaa kote, na katikati yake hewa tupu.

Nilikaa chini. Wewe, Tata? Wewe uliyenibandulisha vigae kumi na vinane katika nyumba ya mwalimu kule Nyamira, mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu ya madonge kama hayo? Nililia siku hiyo, ukasema machozi hayajazi shimo.

Basi nikachukua mpini wa bisibisi nikagonga ukuta mzima, kigae kwa kigae. Safu tisa, kumi na mbili kila moja, mia moja na nane. Mama akaniuliza kutoka mlangoni, "Kemunto, ukuta umekukosea nini?" Nikamwambia nahesabu. Safu nne za chini zote zimejaa, sauti nzito kama jiwe la kuchonga la Tabaka. Ya tano, viwili vina sauti ya debe tupu. Ya sita, vitano. Ya saba, tisa, pamoja na vile vitatu vilivyopasuka. Mbili za juu, vyote.

Arobaini. Na hapo nikaelewa, kwa sababu hesabu haijui kunificha kitu. Mkono wako ulikuwa unakataa kupanda juu ya bega. Mwaka jana uliponiambia ni kikohozi tu, ulikuwa hapa unapandisha ukuta huu, na kila safu ilikuwa inakuchukua zaidi.

Mimi nilikuwa kazini kule Sironga, Tata. Simu ulikuwa nayo. Nilikuomba nije nikushikie ndoo, ukasema, "Ukuta wa mke wangu nitauweka mwenyewe." Nikakuachia. Ningejua, ningekuja, ungekaa kwenye kiti ukinikosoa, nasi tungekuwa na siku hizo. Ulininyima siku hizo. Hilo bado linaniuma, na sitakudanganya kwamba limekwisha.

Vile vitatu nimeviweka, simiti imejaa hadi pembeni. Katika boksi lako la vigae vya akiba vimebaki vinne, nimevirudisha chini ya kitanda. Hivyo vingine thelathini na saba havibomolewi. Nitafungua mianya yake na kuingiza simiti laini kwa bomba la sindano ya ng'ombe, kidogo kidogo, hadi vyote vilie kama jiwe. Baba mdogo hataambiwa. Mama nimemwambia, akaweka kiganja ukutani akakiacha hapo muda mrefu.

Pumzika sasa, Tata, usiinue tena kitu. Jumapili ijayo naanza na vile viwili vya safu ya tano.

Binti yako,
Kemunto