Vigingi vya Kham Ai

Ban Nong Kaet, 4 Juni 1996

Mjukuu wangu Pimchan,

Hujambo? Mimi ni mzima wa kuweza kushika kalamu, basi. Daktari anasema mapafu yangu yatafika mwisho wa mvua, yasipochoka njiani.

Kuna jambo nimelificha miaka ishirini na saba. Linahusu banio la mto wetu, lile linaloelekeza maji mashambani, na marehemu babu yako Kham Ai, aliyekuwa mkuu wa banio hilo. Mnachojua nyote ni kwamba mafuriko yalilibomoa, watu wakasema alipigilia vigingi ovyo, wakamvua ukuu. Mimi najua zaidi ya hapo. Nitakwambia kabla sijafa, ila leo mkono umechoka na, tuseme kweli, moyo pia.

Kwanza nipe habari za kazi. Siku ile nilipowaandikia Shirika la Bonde wakuchukue, nilijiona nimenyoosha kitu kilichopinda. Wanakutendeaje? Unakula?

Babu yako wa hiari,
Inthon

*

Makao ya Shirika, 19 Juni 1996

Shikamoo babu,

Mimi sijambo, natumaini kifua kimepoa. Nakula wali wa kunata na pilipili ya kusaga kwenye meza ya Bi Somphit wa masijala, maana kantini wanatia sukari kila kitu. Siku ya kwanza aliposikia kwetu ni wapi alicheka. "Kumbe ndiwe mjukuu wa banio lililobomoka? Basi kiti hicho usikiegemee, mwanangu, tunacho kimoja tu."

Nikacheka naye. Nimezoea. Baba hadi leo haendi kwenye sadaka ya mzimu wa banio. Anasema ana kazi bustanini, kila mwaka, siku ileile.

Nilidhani tutakwenda vijijini kuuliza watu wanataka nini. Wiki ya pili bosi, Bwana Wichit, alinipa mashine ya chapa na majina ya vijiji tisa. "Chapa maombi yao ya mabanio ya zege."

"Wameomba lini?"

Akanitazama kwa huruma. "Binti, Shirika halimpi mtu mradi asiouomba. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha anaomba."

Nikachapa. Wazee wakaweka dole gumba wakidhani wanaandikishwa kwa chakula cha mkutano. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nyama ipo?" Nikamwambia ipo. Ilikuwapo kweli, na ndiyo inayoniuma.

Babu, wewe ulikaa humu zaidi ya miaka ishirini. Ulivumiliaje? Na hilo jambo la babu Kham Ai, usiniache nikining'inia.

Mjukuu wako,
Pimchan

*

Ban Nong Kaet, 2 Julai 1996

Mjukuu wangu,

Nimefurahi kusikia unakula. Kikohozi kimenipa ruhusa ya siku mbili, nazitumia kwako.

Nami niliingia mgeni, nikiwa kwenye miezi ya majaribio. Wakubwa walitaka mabanio ya zege, na letu lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu. Kham Ai alikataa mikutano mitatu. Tulifagia pamoja uwanja wa hekalu tukiwa watoto, kwa hiyo hakunionea haya. "Inthon, banio la miti linavuja," alisema mbele ya watu. "Kinachovuja ndicho wanachokunywa wa kijiji cha chini. Zege lako litavuja? Au umekwenda chuo miaka minne kujifunza kuwanyima jirani maji?" Watu walicheka sana. Hata mimi.

Mwezi mmoja baadaye banio likaanguka, wanakijiji wakaomba zege wenyewe. Wakubwa wakishaamua, Pim, mgeni kazini ana nguvu gani? Na mafuriko ya mwaka ule yalikuwa makubwa.

Yaliyobaki nitayaandika nikipata pumzi.

Babu yako,
Inthon

*

Makao ya Shirika, 20 Julai 1996

Babu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nafuu.

Wiki iliyopita Bi Somphit alinifungulia stoo ya mafaili. Katika faili la banio letu kuna picha, nyuma yake mwandiko wako: "Baada ya mafuriko." Vigingi vimelala ukingoni. Unajua kila nyumba kwetu huchonga alama yake kwenye vichwa vya vigingi inavyoleta. Yetu ni mikato miwili na mmoja wa kukatiza. Nimeiona.

Kigingi kilichochukuliwa na mafuriko huvunjika. Ncha hubaki mtoni, kichwa kikaenda na maji. Hivi ni vizima hadi ncha. Na chini ya alama gome limechubuka duara zima, kama shingo ya nyati wa kulimia aliyevutwa kwa kamba. Maji hayafungi kamba, babu.

Siku nzima nilitafuta maelezo mengine. Ni wewe uliyenisomesha. Ni wewe uliyemshika baba mkono kwenye mazishi ya baba yake. Kama walikutuma, niambie tu ni nani aliyekutuma. Nitaelewa. Nami nimechapa maombi tisa. Sentensi moja inatosha.

Pimchan

*

Ban Nong Kaet, 11 Oktoba 1996

Pimchan,

Sikuulizi hali, sina uso huo. Barua yako imelala chini ya mto wangu wa kulalia karibu miezi mitatu. Jana baba yako aliniletea supu, akasema umeacha kazi na uko nyumbani tangu Agosti. Toka kwenu hadi kwangu ni hatua mia mbili, na hujaja. Nimeelewa.

Ilikuwa asubuhi watawa wanapoanza miezi yao ya kutulia hekaluni wakati wa mvua. Kijiji kizima kilikuwa hekaluni na mishumaa. Dereva nilimpa ruhusa. Nikaleta gari la Shirika lenye winchi, nikafunga kamba ya chuma kwa mikono yangu, nikang'oa vigingi kumi na vinne katikati ya safu ya mbele, nikavificha kwenye mianzi. Kisha nikabadili shati, nikaenda hekaluni. Kham Ai akanisogezea nusu ya mkeka wake.

Siku ya sita mto ukajaa, ukachukua vilivyobaki. Shirika lilitaka picha ya uharibifu na mafuriko hayakuniachia cha kupiga, nikavitoa mafichoni.

Kham Ai alijua. Alikuja kwangu na kigingi kimoja, akakilaza sakafuni. "Sema mwenyewe, Inthon. Mimi sitakusemea." Sikusema. Siku ya kumvua ukuu waliuliza nani anakubali, nami nikainua mkono. Miaka mitatu baadaye alikufa na siri yangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ina sahihi yangu. Isomwe kwenye sadaka ya banio, baba yako akiwa amekaa mbele.

Sasa swali lako. Uliniachia mlango wazi, na mwezi wa saba mimi ndiye niliyekuonyesha mlango huo. Miezi yote hii nimetamani kuupita. Lakini bosi wangu wa wakati ule alikuwa mtu mwungwana. Baada ya mkutano wa tatu aliniambia, "Wamekataa, Inthon. Lifute kwenye orodha, tutafute kijiji kingine." Nilikuwa nimebakiza wiki tano za majaribio, na sina mradi hata mmoja wa kuonyesha.

Hakuna aliyenituma.

Inthon