Nyongeza ya Kumrudisha Mrithi

Mji wa Kale, Mombasa
4 Februari 2025

Mwanangu Bassam,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na lifti zako unazozitengeneza. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo ushalizoea. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunalia tu na hatumalizi hata sentensi moja. Kwa barua nalia peke yangu, napangusa macho, kisha naendelea.

Leo ni siku ya ishirini na nne ya eda tangu babako atutoke. Wageni wamepungua. Nimesoma nyiradi zangu, nimepanga kabati mara tatu, na bado nina zaidi ya miezi mitatu ya kukaa ndani. Juzi Jihan, binti wa dadangu, akaiwasha ile kompyuta yako ya chumbani, akanionyesha mchezo wako wa madola. Nikamwambia mimi nimefundisha historia shule ya Ganjoni miaka thelathini na moja, leo nikae nichezee? Basi nilicheza mpaka adhuhuri nusura inipite.

Nilipewa malkia ambaye mumewe amekufa siku ile ile. Maiti hajapoa, waziri ananiletea posa ya mfalme jirani! Nikaikataa. Akaileta tena, nikaikataa tena, huku nahesabu siku za mchezo mpaka zitimie miezi minne na siku kumi. Hazikutimia. Mwezi wa tatu yule mfalme alikasirika, akaja na jeshi akauteka mji. Jihan alicheka hadi akaketi sakafuni. Mimi sijuti. Malkia alikuwa edani.

Sasa naona kuna nyongeza saba za mchezo huu zinazouzwa kando. Sitaki zote, sina pupa hiyo. Nichagulie mbili.

Ni mimi mamako,
Jawahir

*

Maskati
7 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullah. Naubusu mkono wako. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, na goti lako naliombea dua kila sala. Ahsante kwa barua, na ahsante kwa huyo malkia. Sijacheka hivyo tangu Januari.

Kuhusu nyongeza, chukua Bandari kwanza. Inaleta meli, ushuru na forodha, na ndiyo inayoiweka Mombasa kwenye ramani. Bila hiyo pwani yetu ni mchanga mtupu. Ya pili chukua Vita na Ngome, ili yule jirani akija tena akukute na mizinga. Imani si mbaya lakini inachanganya. Mavazi ni nguo tu, usijisumbue. Na Nasaba iache kabisa. Ni mambo ya ukoo, warithi na barua za jamaa, wachezaji wote wanaiponda, wanasema inachosha.

Mama, nina swali na siwezi kulizunguka. Unajua nilivyoondoka. Baba alikuwa kaniwekea nafasi ya kazi kwa Mzee Abdulghafur bandarini, nami nikaikataa mbele ya watu. Siku ya safari hakushuka ngazi kuniaga. Nilisimama mlangoni na sanduku, naisikia redio yake huko juu. Nikasema tutapatana nikirudi. Miaka miwili, salamu zangu zinapitia kwako. Na alipofariki, kabla sijapata tikiti alikuwa keshazikwa, halafu kazini wakaninyima likizo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Baba alikufa akiwa radhi nami?

Mwanao,
Bassam

*

Mji wa Kale, Mombasa
21 Februari 2025

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima. Ramadhani iko mlangoni na nyumba inanukia iliki, Jihan anajaribu viazi karai na moshi umetufukuza jikoni mara mbili.

Swali lako nimekaa nalo wiki mbili. Ningeweza kukuandikia ndiyo ukalala vizuri. Lakini sijawahi kumdanganya mwanafunzi wangu hata mmoja, sitaanza na mwanangu. Sikulisikia neno hilo kinywani mwa babako. Nilimwuliza mara moja, akaongeza sauti ya redio. Unamjua. Alikuwa mtu wa kumeza maneno. Mimi niko radhi nawe, dunia na akhera, hilo lishike. La kwake silijui, Bassam, na linaniuma kama linavyokuuma.

Bandari nitaichukua. Vita sitaki, nimefundisha vita vya kutosha. Nafasi ya pili iache wazi kwanza.

Mamako,
Jawahir

*

Maskati
24 Februari 2025

Mama,

Waalaykum salaam. Ahsante kwa kutonidanganya. Nakwambia kwa moyo mmoja, ingawa jana sikuweza kula.

Bandari itakuwa zawadi yako ya Idi. Nimempigia Khubaib wa duka la kompyuta, Idi ikipita atakuja kuitia. Ramadhani njema, Mama. Ukinikosa, jua niko kazini.

Mwanao,
Bassam

*

Mji wa Kale, Mombasa
13 Aprili 2025

Mwanangu Bassam,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huko hujambo? Idi ilikuwaje? Sisi tuliila salama. Keti kwanza ndipo usome, na kama uko juu ya ngazi ya kazi, shuka.

Khubaib alikuja jana. Mimi niko edani, hawezi kuingia nilipo, basi alisimama kwenye ngazi nyuma ya pazia akawa ananielekeza kwa sauti, "Bonyeza kulia, Bi Jawahir! Kulia!" na Jihan katikati kama mkalimani. Majirani wote sasa wanajua kucheza. Tukamaliza kuitia Bandari, nikamshukuru, nikasikia haondoki.

Akasema, "Bi Jawahir, niwiya radhi. Na ile aliyoitaka Marhum, tuitie pia?"

Nikamwuliza Marhum gani. Akasema Mzee Sheikhan. Mwezi wa Disemba babako alikwenda dukani kwake, akasubiri watu watoke, ndipo akamwuliza, "Katika hizi nyongeza, ni ipi ya kumrudisha mrithi aliye ugenini?" Khubaib akamwambia ni Nasaba. Babako akasema atarudi baada ya Ijumaa mbili tatu, kule kutetemeka kwa mkono wake wa kulia kukitulia kidogo. Hakurudi.

Nilipandisha sauti, nikamwuliza Khubaib kwa nini amekaa na neno hili miezi mitatu. Akajibu kwa unyonge kwamba aliona si adabu kumpelekea mjane aliye edani habari za mchezo. Hasira zikanitoka. Mtoto wa watu alikuwa ananistahi.

Alipoondoka nikaiwasha mashine. Tangu Februari nabonyeza palipoandikwa Anza Mpya, sijawahi kuangalia chini yake. Chini yake pana Endelea. Nikaibonyeza, ikafungua orodha ya dola zote zilizochezwa, na chini ya zangu babako akatokea. Sultani Sheikhan wa Mombasa, umri miaka sitini na tisa. Mombasa yenyewe haimo kwenye mchezo wake, maana alianza kabla ya Bandari kutiwa, basi alichukua mji mwingine wa pwani akaubandika jina. Mweka hazina wake anaitwa Abdulghafur. Kumbe yale magazeti aliyokuwa akijifungia chumbani mwako kusoma kila baada ya alasiri hayakuwa magazeti.

Mrithi wake anaitwa Bassam.

Mchezo una tarihi ya utawala, unaandika kila jambo na mwaka wake. Nikaisoma yote kama ninavyosoma karatasi za mtihani. Mrithi aliomba ruhusa kwenda ng'ambo. Sultani akakataa. Mrithi akaondoka bila ruhusa. Baada ya hapo kila mwaka, bila kuruka hata mmoja, sultani amempelekea zawadi. Ngamia, vitabu, upanga, halua. Na kila mwaka baada ya zawadi amejaribu kumwita nyumbani, na mchezo unamjibu maneno yale yale, kwamba mrithi hawezi kuitwa. Bila Nasaba hauna njia. Babako hakujua hilo mpaka alipomwuliza Khubaib, akawa anajaribu tu.

Uliniuliza swali nikashindwa. Sasa nakujibu. Mzazi asiyekuwa radhi hajifungii chumbani kwa mwanawe akatafuta njia ya kumwita. Haendi dukani na mkono unaotetemeka kumwuliza kijana wa makamo yako. Babako alikuwa radhi nawe, Bassam. Alishindwa kulisema, lakini kulitenda alilitenda kwa kadiri mashine ilivyomruhusu. Nimelia sana jana, na leo nimeamka nashukuru. Namshukuru Mungu, namshukuru Khubaib na adabu zake, na mchezo wenyewe nimeusamehe kwa yule mfalme.

Ya pili nimeichagua. Unajua ni ipi.

Mamako,
Jawahir

*

Maskati
10 Mei 2025

Mama yangu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Naubusu mkono wako, na goti lako pia. Mimi ni mzima. Nisamehe, karibu mwezi mzima sikujibu.

Barua yako niliisoma kazini, ndani ya lifti niliyokuwa naitengeneza. Nikaizima kati ya ghorofa ya nane na ya tisa ili nilie pasi na mtu kuniona. Watu chini wakagonga kengele robo saa, na msimamizi akaandika kwamba hitilafu haijulikani.

Kila siku baada ya hapo nimeanza kukuandikia nikachana. Neno ahsante niliona dogo. Nikaona afadhali niende kwa mkubwa wangu, nikaenda mara nne. Mara ya nne amenipa likizo. Ndege yangu inatua Mombasa Jumatano, tarehe 21 Mei, asubuhi.

Na ile Nasaba niliyokwambia uiache kabisa, Mama, nisamehe. Sikujua nasema nini.

Mwanao,
Bassam

*

Mji wa Kale, Mombasa
13 Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sote wazima, na furaha imeniondolea hata usingizi wa mchana. Jihan anafua mapazia.

Nasaba imetiwa. Nimefungua dola ya babako, na pale palipokuwa pamezimwa sasa panawaka. Pameandikwa Mwite Mrithi Nyumbani. Jihan ananisihi nibonyeze kila akipita, nami nimemwambia akithubutu kupagusa tutakosana. Sijabonyeza. Utabonyeza wewe, umeketi kwenye kiti chake, nami niko kando yako.

Eda yangu inatimia tarehe 20, siku moja kabla hujafika. Uwanja wa ndege sitakuja, goti halitanipa, Khubaib atakupokea. Ila nina sharti moja. Ukifika nyumbani na sanduku lako, usipande. Simama pale mlangoni ulipokuwa umesimama siku ile, unisubiri.

Mimi nitashuka ngazi.

Mamako,
Jawahir