Dakika Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo wanabiolojia wamekuja studio yetu ya redio. Dk. Rahab namjua toka mwaka juzi, ndiye aliyewavalisha ndovu kola. Wa pili ni mgeni, Gedion, Mkamba mwenzangu wa Kyuso, ameanza kazi Aprili. Wanataka vipindi sita kuhusu utafiti wao, na Jumamosi ya tarehe 14 kuna baraza la wanakijiji. Nitawafasiria kwa Kikamba. Meneja wetu, Muthama, amewakubalia kabla ya kuniuliza. Ati kazi itanichangamsha. Nimesema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Tumefanya mazoezi. Rahab akaanza: migongano kati ya binadamu na wanyamapori… Nikamkatiza. Nikamwambia hakuna mtu wa hapa ameuawa na migongano. Wameuawa na ndovu.

Gedion akaandika maneno yangu kwa daftari lake — amefurahi, kijana wa watu! Rahab akaangalia meza. Yeye anajua mume wangu Munyao yuko kaburini toka Januari. Gedion hajui. Mimi nikamaliza chai yangu. Ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 5 Juni

Kipindi cha kwanza kimerekodiwa. Gedion anapenda asilimia. Nikamwambia, Gedion, mama yako Kyuso akikuuliza nzige wamekula kiasi gani unamjibu kwa asilimia? Akacheka. Sasa anasema: siku kumi ndovu wakivuka, siku saba wanapitia korongo lile lile. Hiyo watu wataelewa.

Akaeleza mtambo vizuri, bila Kiingereza kingi. Ndovu mwenye kola akivuka mstari waliouchora kwa ramani kuja mashambani, ujumbe unaingia kwa simu ya studio. Mtangazaji anausoma hewani mara moja. Wakulima wanaondoka shambani. Rahisi.

Akanigeukia. "Auntie, na kwa upande wenu inachukua muda gani kusoma?"

Nikasema inategemea.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa. Mama mkwe alikaa na redio ya Munyao kwa mapaja, ile ndogo nyekundu iliyofungwa kwa raba. Haizimi. Akipika inaongea, akichota maji inaongea. Anaizima tu mchungaji akisimama.

Baada ya ibada akawaambia tena wamama wa maombi. Kwamba mwanawe hakufa peke yake. Waliomkuta kwa shamba la ndengu walikuta redio bado inaongea, na aliyekuwa akiongea ni mke wake. "Alienda akimsikia Nzilani. Ni Mungu tu." Wote wakanishika mikono. Mikono yangu ni kama mguu uliolaliwa. Naiona ikishikwa, sisikii.

Jumatatu, 9 Juni

Gedion amenionyesha slaidi za baraza. Kila ujumbe ni kidoti. Kikiwa chini, ulisomwa haraka. Kikiwa juu, ulichelewa. Asubuhi vyote viko chini — dakika moja, mbili. Saa kumi na mbili jioni vinapanda. Na kuna kimoja juu kabisa, amekipaka nyekundu.

"Hiki ndio kinanisumbua. Dakika kumi na nne! Network ilikuwa sawa, nimecheck. Tarehe 28 Januari. Ulikuwa on air ni wewe, auntie. Unakumbuka?"

Nikasema saa kumi na mbili ni matangazo ya vifo.

"Sasa si unakatiza tu dakika moja?"

Kijana ni Mkamba lakini amekaa na ndovu sana. Tangazo la kifo halikatwi katikati. Familia imetembea na hiyo karatasi, wamekaa kwa redio wanahesabu majina. Ukiruka mjukuu mmoja watakuja mpaka mlangoni. Hata chifu akiingia studio atasimama asubiri.

Basi niandike hapa, maana sijaandika popote. Saa kumi na mbili na dakika saba simu iliwaka. Nilikuwa na marehemu mzee wa Kathekani, watoto kumi na mmoja, wajukuu arobaini na kitu. Nikaona ni ujumbe wa ndovu. Nikaigeuza simu ilale kifudifudi. Nikasoma wajukuu wote, na nyuma yake matangazo mengine matatu. Polepole, kwa heshima. Munyao alikuwa shambani ananisikiliza, amevipa vichaka mgongo. Dakika ya ishirini na moja nikasoma ujumbe wa ndovu.

Nimeandika. Sikulia. Nimeenda kuchambua mboga.

Jumatano, 11 Juni

Rahab alimwomba Muthama sheria ibadilike: ujumbe wa ndovu ukate chochote, hata vifo. Muthama akakataa. Watu watasema tumewadharau marehemu wao. Akasema, labda baraza lenyewe likubali, wazee wakiwa hapo. "Wapeni sababu."

Sababu ni kidoti chekundu. Vingine vyote vilivyochelewa, ndovu alikula mahindi akarudi.

Jioni Rahab akaja kwangu peke yake. Hakukaa. "Nzilani, nimeona ile tarehe. Gedion hakuwa anajua, pole sana. Naweza kuitoa hiyo siku. Hakuna mtu atajua."

Mtu wa sayansi, na anataka kuficha kidoti kwa ajili yangu. Ningepaswa kusikia kitu. Nikamuuliza kama angekunywa uji. Akasema nimwambie kabla ya Jumamosi.

Ijumaa, 13 Juni

Ndengu zimekauka, watu wako mashambani mpaka giza. Jumbe mbili wiki hii, zote jioni. Wa jana niliusoma baada ya dakika tisa. Nilikuwa na marehemu mama wa Kambu.

Sijamwambia Rahab kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Baraza liko darasa la sita, shule ya msingi. Watu wamejaa mpaka madirishani. Mama mkwe yuko mstari wa mbele, na ameniwekea kiti kando yake kwa leso. Redio iko mapajani, chini chini, nyimbo za injili. Naandika nikisubiri zamu yangu, ya kufasiri maswali na majibu mwishoni.

Rahab ameongea vizuri. Hakusema migongano hata mara moja. Aliniangalia mara mbili nikaangalia ubao.

Slaidi ya vidoti. Chekundu kiko. Hakukitoa — sikusema atoe, akakiacha.

Mzee mmoja amesimama. Hatutaki matangazo ya vifo yakatwe, amesema, hiyo ni tabia gani! Makofi. Muthama anaitikia kwa kichwa.

Mama mkwe ameinua mkono. Haongei kwa mabaraza, huyu! Ameuliza kwa Kikamba: kile chekundu cha juu ni cha siku gani, na kulikuwa na mtu?

Gedion amefungua mdomo. Rahab amemshika mkono. Sasa wote wananiangalia mimi, maana mfasiri ni mimi. Kipaza sauti kinapitishwa kutoka nyuma, mkono kwa mkono. Kimefika mstari wa tatu. Vidole vyangu vimebana kalamu mpaka vinauma. Navisikia.

Mama mkwe amezima redio, ndio anisikie vizuri.