Kipimo Kilichokataa Kushuka

Agua Honda, New Mexico
9 Februari

Mpendwa mwanangu Zenaida,

Hujambo huko Alaska? Kikohozi kimekuachia? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua. Theluji imefika dirishani.

Baba yako anatembea na anakula. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata si mazuri. Amenikataza kukuandikia, lakini katika kazi yangu ya uandishi wa habari sijawahi kunyamaza kwa kuombwa na mhusika.

Unajua shughuli zake kiwandani: kugandamiza plutoni iwe vidonge, mikono ikiwa ndani ya glavu zilizofungwa kwenye sanduku la kioo. Vya safari hii vinakwenda kwenye mwezi mmoja wa Zohali, ambako jua ni hafifu mno kuendesha chombo cha angani. Joto la vidonge ndilo litakalogeuzwa umeme.

Jumanne, akitoka, mashine ya mlangoni inayopima mionzi ilipiga kelele. Majira ya baridi hulia ovyo, maana gesi yenye mionzi inayotoka ardhini na kuingia majumbani hunata kwenye nguo za sufu. Desturi yao ni kukaa kwenye benchi na kusubiri kipimo kishuke. Wenzake wakamcheka.

"Onésimo, sweta hilo tena? Si umpe mbwa alalie!"

"Nilimpa, bwana. Kalikataa."

Kinyume cha kanuni, wakamletea kahawa. Alikunywa vikombe viwili kwa mikono ile ile. Alipopima tena, kipimo kilikuwa palepale. Akavua sweta; hakikushuka. Hapo hakuna aliyecheka. Kwenye glavu yake ya kulia walikuta tundu dogo kuliko ncha ya sindano.

Majibu ya mkojo yametoka: plutoni imo mwilini. Kiasi gani, hawajasema. Wanamtundikia dawa ya kuitoa, nayo hutoa sehemu tu. Plutoni yenyewe wameichagua kwa safari ndefu kwa sababu haipoi upesi.

Jana nilimsindikiza kwa daktari. Alimwuliza, "Daktari, chombo kitafika kule baada ya miaka saba. Nitakuwepo nizione picha?"

Daktari alifunga jalada, kisha akamwuliza kama ana watoto.

Mama yako anakusalimu sana. Hili la daktari bado hajaambiwa. Binamu yako Eliseo naye anakusalimu, na ndiye atakayekupokea uwanja wa ndege. Usipige simu kwanza, baba yako atakuzuia. Njoo tu.

Mungu akutangulie barabarani na angani.

Akupendaye daima,
Shangazi yako Eufelia