Kitu Unachokiona Ulipokaa

Jumanne, 4 Juni

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Umeamkaje, na goti linasemaje? Mimi mzima, cherehani yangu nayo nzima, kiwanda kinanguruma kama kawaida. Fumbo la leo: O G F I K N U. Tandaza vizibo vyako vya soda, na usimkimbilie jirani kabla hujahangaika!

Mjukuu wako,
Kiroboto

Jumanne hiyohiyo

Kiroboto wangu,

Marahaba, mke mwenzangu. Goti linalalamika, nami nimelizoea. Humu ndani ndilo pekee linaloongea nami. Nimevitandaza vizibo mezani, vile ulivyoviandika herufi kwa rangi ya kucha ukinifundisha kusoma, nikavisogeza na kuvisogeza mpaka chai ikapoa. KIFUNGO. Maana yake: kinachozuia shati lisimfungukie mtu mbele za watu. Nimekosea?

Najua hapo umezungukwa na vifungo, maana sheria yetu ni ileile, neno liwe la kitu unachokiona ulipokaa. Ndiyo maana kwenye simu napenda mafumbo yako kuliko picha. Kwenye picha mtu hujipanga kwanza.

Sasa wewe. Huo uvimbe wa shingoni daktari ameshauona? Usinijibu kwa kucheka.

Bibi yako

Jumatano, 5 Juni

Bibi,

Shikamoo. Umelalaje? Hapo kwenye shati nimecheka hadi nimetokwa na machozi. Uvimbe ni kitu kidogo tu, usijipe presha. Leo rahisi: A Z P A I.

Kiroboto

Alhamisi, 6 Juni

Kiroboto,

Marahaba. Nimelala kwa kugeukageuka. PAZIA. Nguo ya kuficha kilichoko nyuma yake.

Lakini subiri kwanza. Uliniambia mwenyewe madirisha ya kiwandani yamepigwa mabati. Pazia limetoka wapi? Bosi kakuhamishia ofisini kwake, au wewe umelala mahali? Sikuombi picha, nauliza tu. Na mtu akiniambia nisijipe presha ndipo moyo unapoanza kunidunda.

Bibi yako

Ijumaa, 7 Juni

Bibi,

Shikamoo. Wewe unapeleleza kuliko polisi! Nilipita chumbani kwa rafiki, basi. Niko sawa, nakula vizuri. Nina haraka leo: L A H M A C E. Ni gumu, nisamehe. Ndilo lililokuwa mbele yangu.

Kiroboto

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Kiroboto,

Marahaba. Vizibo vilikubali, mimi ndiye niliyekataa. Vilijipanga MACHELA, nikavibomoa, nikavipanga upya, vikarudi palepale. Neno sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Nikamwendea jirani, yule fundi viatu, nikampangia vizibo, nikamwambia, “Hebu nitafsirie hili.”

Alisoma akaweka chini kiatu cha mtu. “Mama, nani kakutumia hili?”

“Wewe nipe maana, habari za nani niachie mimi.”

“Ni kile kitanda cha kumbebea mgonjwa.”

Nikarudi nyumbani nikakaa. Kiroboto, nani kalazwa juu ya kitanda hicho? Kama ni mwenzako, sema. Kama ni wewe, sema vilevile. Mimi nimezika mume na nimezika mama yako, sivunjiki kwa neno. Kinachonimaliza ni kukisia.

Bibi yako

Jumamosi, 8 Juni

Kiroboto,

Salamu leo sina, zinamsubiri mwenye kuzijibu. Fumbo halikuja. Nimepiga simu, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia hupatikani. Nimemwambia hilo hata mimi naliona, anipe jipya. Akarudia lilelile.

Nimejaribu kupika, nimeunguza. Mikono ikakosa kazi, ikavipanga vizibo yenyewe: UVIMBE. Nimevivuruga kabla sijamaliza kusoma.

Bibi yako

Jumapili, 9 Juni

Nitumie hata herufi moja. Mbaya, nzuri, yoyote. Nitajua la kufanya nayo.

Bibi

Jumatatu, 10 Juni

Kiroboto,

Leo fumbo natoa mimi: G O N L A M. Sheria ni ileile.

Bibi yako

Jumatatu hiyohiyo

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Simu walinifungia kabatini pamoja na nguo zangu, nimerudishiwa sasa hivi. Jumamosi walinipasua shingo wakautoa uvimbe. Sauti haijarudi, ndiyo maana sikupigii. Wameupeleka kupimwa kama ni ule mbaya, majibu bado. Naogopa, Bibi. Nilijua nikikuambia hutalala. Mdomo uliweza kukudanganya, lakini kwenye fumbo mkono uligoma.

Jibu lako ni MLANGO. Maana yake: kitu cha kuingilia. Lakini wewe kwako hukaa ukitazama barabara, mlango uko mgongoni. Mlango upi huo?

Kiroboto

Jumatatu, sasa hivi

Kiroboto wangu,

Marahaba. Ni wa kijani, una kioo kidogo juu nisichokifikia.

Nilianzia kiwandani kwenu. Msimamizi akataka kunizungusha, oh, sijui, oh, njoo kesho. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya meza yake nikamwambia kesho itanikuta hapahapa. Akanitajia hospitali. Humu hospitalini ubao nimeusoma mwenyewe, WODI YA WANAWAKE, polepole, watu wakinisukuma na kunisonya. Wasonye.

Nesi anasema saa ya kuona wagonjwa bado. Nimemwambia sikuja kuona, nimekuja kukaa. Ameniambia nisubiri, nami nasubiri, ila kila anayepita na karatasi mkononi namuuliza kama ni yako. Majibu yakija tutayapokea wote. Yakija kwa maneno magumu, vizibo ninavyo kwenye mkoba.

Kuhusu kunidanganya tutagombana ukipona. Nina mengi, nimeyapanga njia nzima.

Sasa usijaribu kuongea. Gonga kitanda nisikie. Goti bovu, masikio mazima.

Bibi yako, hapa nje