Pete Isiyovuliwa

4 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo, u mzima? Sisi raha mustarehe. Wiki ya tatu ya ndoa, na bado namtazama fundi wangu akishona kama natazama sinema. Jana mteja alimtania, "Fundi, unashona gauni au unamshona mkeo kwa macho?"

Ila leo nilimkumbatia akimimina chai, birika likamwagikia mkono wake wa kushoto. Nimempaka dawa ya meno. Vidole vinavimba. Wewe ndiye muuguzi wetu, nimpake nini tena? Dereva wa basi aliyekuletea barua hii atarudi na jibu.

Mdogo wako mwenye bahati

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimetoka zamu, miguu imekufa, lakini mzima. Ilitakiwa ummwagie maji baridi ya bomba dakika ishirini palepale. Sasa ioshe hiyo dawa ya meno taratibu. Usipake mafuta wala unga. Malengelenge usiyatumbue, funika kwa kitambaa safi.

Kubwa kuliko yote: pete! Avue leo. Ikigoma, nendeni zahanati wakaikate. Kidole kikivimba ndani ya pete, damu haipiti. Msomee shemeji barua hii.

Dada yako

7 Machi

Dada,

Shikamoo. Tuliapa pete hazitoki vidoleni mpaka kifo, nawe siku ile ulinuna kama umelishwa ndimu. Leo unataka ikatwe! Hukumpenda tangu mwanzo. Anasema kidole kinawaka moto, lakini nikikibusu anacheka. Barua yako sijamsomea. Mapenzi nayo ni dawa.

Mdogo wako

29 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Kidole cha pete kimekatwa. Daktari aliuliza, "Hamkuambiwa mvue?" Mume wangu akanigeukia. Nikasema hukujibu.

Wateja wanauona mkono, wanasema watarudi. Hanitanii tena. Atakuandikia kukuuliza. Kwa ziwa tulilonyonya, mwambie hukunijibu. Akijua, ndoa sina.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, mimi mzima. Shemeji ameniandikia kwa adabu. Anauliza kama nilimchukia kiasi cha kunyamaza. Nimemjibu kwamba barua yako ilinikuta na kazi nyingi, nikaiweka kando. Nimemwomba radhi.

Kwenu sitakuja, sitaweza kukaa meza moja naye. Siku ukijaliwa mtoto, naye akiungua, muulize muuguzi wa huko. Akikuambia jambo, lifanye.

Dada yako