Kikohozi cha Shemeji

Jumamosi. Mawingu yameshuka mpaka kwenye minazi, mvua hainyeshi, nami roho haijatulia.

Leo tulipanda vilima vya Kwale kumwinda kulungu anayezimaliza kunde zetu. Tulikuwa watatu: baba na upinde wake, mimi, na shemeji Rashidi, mume wa dada yangu, anayefanya kazi hotelini kule Galu. Kuwinda ni marufuku, na baba amekwisha kuonywa. Haambiliki.

Tangu asubuhi shemeji alinitia shaka. Hajawahi kuupenda msitu, lakini safari hii alijialika mwenyewe. Alimwuliza baba tutapita wapi. Mbele kidogo akauliza tena.

Anayeuliza njia mara mbili ana haja nayo.

Juu, penye uwazi wa nyasi, kulungu akatokea. Dume zuri, madoa meupe ubavuni. Baba akavuta upinde. Nikabana pumzi.

Shemeji akakohoa.

Kulungu akatoweka. Kabla baba hajapata la kusema, tukasikia sauti za watu chini yetu. Tukalala kifudifudi. Askari wawili wa wanyamapori wakapita, na mmoja akatazama pale pale tulipojificha. Alituona, wallahi. Akaendelea na njia yake.

"Mkwe wangu, una masikio!" baba akanong'ona. "Umetuokoa."

Mimi sikushukuru.

Wakati wa kuteremka baba alitangulia. Nikamshika shemeji mkono. "Ulijua kwamba watakuja?"

Hakukana. "Yule mmoja ni rafiki yangu. Nilimwomba wapite tu, mzee aingiwe na hofu, aache. Siku atakayokutwa na nyama atafungwa. Tafadhali, shemeji, dada yako asijue."

Jioni hii baba amewasimulia watu wote nyumbani habari za masikio ya mkwewe. Dada anacheka kwa fahari. Na upinde, baba amesema mwenyewe, hautapanda kilimani tena.

Basi labda ni kweli, amemwokoa. Lakini nilimwona akipokea zile shukrani bila kupepesa macho, akaomba na chai nyingine.

Mtu anayeweza kutupangia wema kwa siri hivi, siku akikasirika atatupangia nini?

Dada aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nimechoka na kupanda mlima.

Shemeji alinitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayemkaribisha mwenzake kwenye siri.